Kiti cha Mkazi: Kujitolea Katika Kamati za Ruzuku za Urithi wa Jamii

(Maelezo yaliyotolewa mbele ya wakazi wa kata na wajumbe wa serikali za vijiji)



Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ambayo wengi wetu huisikia ikitangazwa, kisha tukaiacha ipite tukidhani ni ya wasomi wa mjini. Nayo ni kuketi, bila mshahara, kwenye kamati inayoamua ni kijiji gani au kikundi gani kipewe ruzuku ya kutunza urithi wake. Nitasema mapema ninachokiamini, ili asiyekubaliana nami apate muda wa kujiandaa kunipinga. Katika kamati ya namna hiyo, viti visivyopungua viwili ni haki ya wakazi wa kawaida. Mtaalamu wa mambo ya kale anahitajika mezani, na Afisa Utamaduni anahitajika. Lakini kamati isiyo na mtu ajuaye njia ya miguu ya kufika mahali penyewe itagawa fedha kwa kufuata uzuri wa karatasi.

Fedha za ruzuku hizi hutoka pande nyingi. Mwaka 1998 Serikali yetu, kwa kushirikiana na ile ya Sweden, ilianzisha Mfuko wa Utamaduni Tanzania, nao ulitoa ruzuku kwa vikundi vya sanaa na utamaduni nchini. Zipo balozi zenye mafungu yao, na mashirika yenye ya kwao. Huko Uingereza, tangu miaka ya 1990, sehemu ya mapato ya bahati nasibu ya taifa hutengwa kwa ajili ya urithi, na kamati za maeneo mbalimbali hushiriki kuamua maombi. Popote zitokapo fedha, hufika siku ambapo watu watano au saba huketi mbele ya mafaili, fungu likiwa dogo, maombi yakiwa mengi, na baadhi ya waombaji wakiwa jirani zao. Siku hiyo ndiyo nimekuja kuizungumzia.

Lakini kwanza tutazame kilichopo ardhini kwetu.

Katika uwanda huu wa Ufipa yamesimama malungu. Vijana wengi wameyapita wakidhani ni vichuguu, nami siwalaumu, maana hakuna aliyewaonyesha. Ilungu ni tanuru la udongo la kuyeyushia chuma, refu kuliko mtu, mengine yakikaribia mita 3, pana chini na jembamba juu. Kwa chini lina matundu yaliyowekewa mirija ya udongo. Mafundi walilijaza mkaa na mawe ya chuma, wakaliwasha, wakaliacha livute hewa lenyewe pasipo mtu kupuliza. Chuma kilichotoka humo kilikuwa bado kichafu, kwa hiyo kilihamishiwa kwenye tanuru dogo liitwalo kintengwe, nalo ndilo lililopulizwa kwa mivukuto, mpaka chuma kikafaa kufuliwa majembe. Waliosimamia kazi walikuwa na dawa zao na miiko yao. Ilungu jipya lilihesabiwa kama bibi harusi, na mafundi walijitenga na wake zao kwa muda wote wa uyeyushaji. Majembe ya madukani yaliyoletwa kutoka ng'ambo ndiyo yaliyoiua kazi hii, na katika nusu ya kwanza ya karne iliyopita moto wa malungu ulizimika.

Wataalamu wamekuja hapa mmoja baada ya mwingine kupima, kupiga picha na kuandika. Mwingereza Roy Willis alichapisha mwaka 1981 kitabu kizima juu ya historia ya dola za Ufipa. Mtanzania mwenzetu, Bertram Mapunda, alifanya utafiti wake wa udaktari miaka ya 1990 juu ya chuma cha kusini magharibi mwa nchi. Vitabu vipo, tena ni vizuri. Matanuru yenyewe yamesimama mvuani.

Udongo uliochomwa ni mgumu, lakini haukuwa jiwe. Maji huingia kwenye ufa mdogo, ufa ukapanuka, kipande kikadondoka. Ng'ombe huja kujikuna. Mti huota kando na mizizi yake ikapita chini ya ukuta. Plau husogea hatua moja kila msimu, kwa kuwa shamba ni shamba na mwenye shamba ana watoto wa kulisha. Halafu wako wale wanaochimba usiku wakitafuta mali wanayodhani Wajerumani waliizika. Sijui ni nani aliyewaambia kwamba Mjerumani alificha dhahabu ndani ya tanuru la Mfipa, lakini mashimo tumeyaona. Katika hali hiyo, kinachoweza kuliokoa ilungu moja ni kitu kidogo sana: paa la nyasi juu ya nguzo, mtaro wa kugeuza maji, uzio wa miiba, na mtu mmoja wa kulitazama. Ni kazi ya fedha ndogo kuliko bei ya pikipiki.

Sasa tuingie kwenye chumba cha kamati. Tuseme yameletwa maombi matatu. Nayabuni, wala msimtafute mwenyewe. La kwanza limetoka kwa kikundi kilichosajiliwa, chenye akaunti benki na andiko la kurasa 40 lililochapwa kwa rangi. Kinaomba kujenga jumba la makumbusho la vyumba vinne. La pili limetoka kwa kikundi cha ngoma kinachoomba sare na spika. La tatu ni barua ya ukurasa mmoja, kwa kalamu ya wino, ya mzee ambaye shambani kwake limo ilungu. Anaomba nguzo, nyasi, na ujira wa vibarua wawili wa kuchimba mtaro. Neno "uendelevu" halimo katika barua yake hata mara moja.

Kamati iliyoketi mbali na isiyotoka nje itampa wa kwanza. Andiko lake limejibu kila swali la fomu. Mkazi aliyeketi pale ndiye atakayeuliza maswali ambayo fomu haikuyauliza. Ni nani atakayefungua mlango wa jumba hilo mwaka wa tatu, fedha zitakapokuwa zimekwisha? Vyumba vinne vitajazwa vitu gani, na vitu hivyo viko mikononi mwa nani leo? Tumeona katika nchi hii majengo mengi mazuri yaliyogeuka maghala ya mahindi. Sisemi makumbusho ni mabaya. Nasema jengo ni sehemu rahisi kuliko zote, kwa kuwa fundi akilipwa atalijenga, ilhali anayejua maana ya vitu vya kuwekwa ndani hapatikani kwa zabuni.

Kuhusu ngoma, nitapita haraka. Sare huchakaa. Ikiwa ombi ni la kuwalipa wazee wawili wawafundishe vijana nyimbo na hatua kwa msimu mzima, hilo naliunga mkono kwa mikono miwili. Ikiwa ni spika tu, waende kwenye fungu jingine.

Barua ya mzee ndiyo inayostahili muda wetu, kwa sababu ndiyo yenye mashaka. Hana kikundi, hana akaunti, hana hati ya usajili. Kwa kanuni za mifuko mingi angeondolewa kabla ya kusomwa. Hapa ndipo mjumbe anayezijua taratibu za vijiji anapokuwa na thamani. Kijiji kilichoandikishwa chini ya Sheria Na. 7 ya mwaka 1982 ni chombo chenye nafsi ya kisheria. Halmashauri yake inaweza kuwa na akaunti, kuingia mkataba na kuwajibika. Mzee huyo aweza kuomba kupitia serikali ya kijiji chake, na kamati ina wajibu wa kumweleza hivyo badala ya kumrudishia barua ikiwa na mhuri wa "haikukidhi vigezo".

Swali la pili kwa mzee ni gumu zaidi. Shamba ni lake leo. Akifariki, mrithi akitaka kulima hadi mahali lilipo ilungu, ni nani atakayemzuia? Dawa ya hilo haimo kwenye fedha. Imo katika mkutano mkuu wa kijiji. Kijiji kina uwezo wa kupanga matumizi ya ardhi yake chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, na kina uwezo wa kutunga sheria ndogo. Eneo la hatua 20 kuzunguka ilungu likitengwa kwa maridhiano na mwenye shamba, na kuandikwa kwenye mpango, limepata ulinzi ambao uzio wa miiba hauwezi kuutoa. Kwa hiyo mjumbe mwema atasema: tumpe, kwa sharti kwamba muhtasari wa mkutano wa kijiji utangulie. Tena yapo maombi ambayo, yakichunguzwa, huonekana hayahitaji fedha kabisa. Yanahitaji kijiji kikae na kuamua.

Na kuna jambo la kalenda, ambalo peke yake linatosha kumtetea mkazi. Mvua zetu huanza karibu na Novemba na kuendelea hadi Aprili. Nyasi za kuezekea hukatwa zikikomaa baada ya mvua, kabla moto haujapita mbugani. Ruzuku ikiidhinishwa Septemba na fedha zikafika Desemba, mzee ataezeka kwa nini? Nyasi zimekwisha ungua, na ilungu lina msimu mwingine wa kunyeshewa. Mtu aliyeko makao makuu ya mfuko anaijua kalenda ya mwaka wa fedha. Mkazi anaijua kalenda ya nyasi, naye ndiye awezaye kusema: ombi hili tuliamue Machi, na fedha zitoke kabla ya Juni, la sivyo tusijisumbue. Vivyo hivyo kuhusu stakabadhi. Muuza nyasi hana mashine ya risiti. Kamati ikidai risiti za mashine kwa kila mzigo, itamlazimisha mzee anunue mabati dukani, na ilungu chini ya bati litafukuta kama tanuru kweli. Utaratibu mzuri ni hati ya malipo iliyotiwa sahihi na muuzaji, ikashuhudiwa na Mtendaji wa Kijiji, na fedha kutolewa kwa awamu mbili. Ya pili itoke baada ya mjumbe kwenda kuona kwa macho yake.

Kwenda kuona ndiyo kazi kubwa. Wanaotaka kujitolea wajue kwamba kuketi mezani ni siku mbili au tatu kwa mwaka, lakini kutembelea ni siku nyingi zaidi, nyingine ni za matope. Ukifika, usiulize tu mwombaji. Muulize jirani yake, muulize mwanamke aliyeolewa pale miaka 30, waulize wachungaji. Mara nyingi mchungaji wa miaka 12 ndiye ajuaye kuna malungu mangapi bondeni, na yapi yalianguka mwaka jana.

Mjumbe ajue pia mipaka ya kamati yake. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hairuhusu mtu kuchimbua vitu vya kale bila leseni, na ruzuku haiwi leseni. Ombi lolote linalosema "tutafukua ili kupata vitu vya kuonyesha" lisimame hapo hapo, liende kwanza kwa Idara ya Mambo ya Kale. Mtauliza kuna ubaya gani kufukua cha kwetu. Tazameni Kalambo, jirani zetu wa mpakani. Mwaka 2023 wanasayansi walitangaza kwamba karibu na maporomoko hayo, upande wa Zambia, yamepatikana magogo mawili yaliyochongwa na kuunganishwa na binadamu wapata miaka 476,000 iliyopita. Magogo hayo yalidumu kwa kuwa yalifunikwa na udongo wenye maji, na yakatolewa na watu waliojua jinsi ya kuyapima umri pale pale yalipolala. Angeyachomoa mtu wa koleo, leo yangekuwa kuni.

Mipaka mingine haikuandikwa kwenye sheria. Michoro ya miambani ya Kondoa iliingizwa kwenye Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2006, na huko Kolo lipo pango ambalo wenyeji huendelea kufanya matambiko, wakimimina pombe ya nafaka kwenye mwamba. Mhifadhi huona madoa juu ya michoro. Mwenyeji huona mahali panapoishi. Ombi la kujenga uzio pale lingekuwa ulinzi kwa mmoja na kufungiwa mlango kwa mwingine. Sisi nasi tunayo misitu na miamba ambayo watu bado huenda kwa shida zao, na wengine wetu, kwa imani zetu za dini, hatupendi kuyasema hayo hadharani. Mjumbe asiyepapenda mahali hapo hana budi kuwasikiliza wanaopatumia, naye asiwaandike majina kwenye ripoti bila idhini yao.

Kisha lipo suala la simulizi. Nyote mnaijua habari ya Milansi, ufalme wa kale ulioketi chini ya mlima Itwelele, na ya wanawake watatu wageni waliofika mfalme akiwa mawindoni, ambao kwao ilitoka nasaba ya Watwa iliyotawala Nkansi na Lyangalile. Habari hiyo husimuliwa kwa namna moja na wale wanaojihesabu wa Milansi, na kwa namna nyingine na wale wa nasaba ya Watwa: je, kiti kilitolewa, au kilitwaliwa? Tuseme kikundi kimeomba fedha za kibao cha maelezo. Kibao kitaandikwa habari ya nani? Utawala wa machifu ulifutwa kisheria mara baada ya Uhuru, lakini kumbukumbu ya nani alimkuta nani haikufutwa. Kamati haina mamlaka ya kuutangaza ukweli wa upande mmoja kwa rangi ya mafuta na fedha za umma. Iseme wazi kwamba italipia kibao kitakachozibeba simulizi zote mbili, au haitalipia. Najua jibu hilo haliwafurahishi wazee wa upande wowote.

Naja kwenye undugu, maana ndiko tunakojikwaa. Hapa kwetu undugu hauna mwisho. Ukiwaondoa mezani wote wenye nasaba na mwombaji, atabaki dereva wa gari la Halmashauri. Lakini ukiacha kila mtu akae, watu watasema fedha zimeliwa na ukoo, na watasema hivyo hata kama si kweli. Kanuni inayoweza kushikika ni hii: mjumbe atoke chumbani, si kunyamaza tu, ombi likiwa la mzazi wake, mwenzi wake, mtoto, ndugu wa tumbo moja, mkwe, au kikundi ambacho yeye ni mwanachama, na kutoka kwake kuandikwe. Kwa undugu wa mbali zaidi, atamke na abaki. Jambo jingine dogo lenye faida kubwa: kila mjumbe aandike alama zake peke yake kabla ya mjadala kuanza. Akianza kusema mkubwa, sisi tuliolelewa kwa heshima tutainamisha vichwa, na mtu mmoja atakuwa ameamua kwa niaba ya saba.

Waliokosa wajibiwe. Wajibiwe kwa Kiswahili chepesi, kwa sababu ya kweli, na ikiwezekana kwa mdomo, mjumbe akiwa amesimama uani kwao. Ni zamu isiyopendwa na mtu, nami nimeiona ikikwepwa kwa visingizio vya kila aina, hata msiba. Lakini mwombaji aliyeambiwa "mtaro wako unaelekeza maji kwenye ukuta, urekebishe mchoro uje tena" atarudi. Aliyenyamaziwa hatarudi, na ilungu lake halitasubiri.

Sasa posho, kwa kuwa naona mnatazamana. Kujitolea maana yake hakuna mshahara. Nauli na chakula cha safari ni haki ya mjumbe, na mfuko usiolipa nauli umeamua kimyakimya kwamba wajumbe wake wawe wenye magari. Posho ya kikao ni jambo jingine. Fungu likiwa la kutosha maombi manne, na posho za vikao zikala moja, wajumbe wamejigawia ruzuku. Hilo ndilo neno langu, na Mheshimiwa Diwani aweza kunirekebisha.

Ni nani basi ajitokeze? Ningependa kumwona mfinyanzi, kwa kuwa anaujua udongo kuliko mhandisi. Ningependa kumwona fundi wa kuezeka. Wenzetu wa Uganda walijifunza thamani ya fundi huyo kwa uchungu: makaburi ya wafalme wa Buganda huko Kasubi yaliungua Machi 2010, na ingawa dunia nzima ilijua habari zake, kazi ya kuyarudisha ilikwenda zaidi ya miaka kumi, kwani kuezeka nyumba ile ni kazi ya ukoo wa Ngeye, wenye ujuzi na miiko yake, na ujuzi huo hauagizwi bandarini. Ningependa kumwona mwalimu anayeweza kuandika muhtasari unaosomeka. Na ningependa kuwaona vijana wawili, si kwa ajili ya kupendezesha picha, bali kwa sababu paa la nyasi hutaka kubadilishwa kila baada ya miaka michache, na sisi tunaoketi mbele hapa hatutakuwa wa kulipanda tena.

Nafasi zikitangazwa kwenye ubao wa kata, usisubiri kuombwa. Andika jina lako, kijiji chako, kazi yako, na mahali pamoja pa urithi unapopajua kwa miguu yako. Barua ya ukurasa mmoja inatosha.

Muda niliopewa umekwisha. Mwenye swali asimame, nami naomba tuanze na akina mama waliokaa kule nyuma.